Namna ya Kupata Sauti Nzuri kwenye Pedali ya Oktava na Sintesaiza ya Gitaa la Besi

Mpiga besi wa bendi inayopiga nyimbo za bongo fleva jukwaani hukutana na tatizo ambalo wazee wa muziki wa dansi hawakuwa nalo: besi anayotakiwa kuipiga, mara nyingi, haikupigwa kwa gitaa. Ilitengenezwa studio kwa kinanda au kwa kompyuta, nayo ni nene, imenyooka tangu inapoanza hadi inapokatwa, na nyuzi nne za gitaa peke yake, hata zikiwa mpya, hazitoi sauti ya namna hiyo. Ndipo mtu hununua pedali ya oktava, kile kifaa cha kukanyaga kinachoiteremsha noti chini, au ile yenye sintesaiza (mtambo wa kuunda sauti kwa umeme) ndani yake, akaichomeka kwa furaha, na badala ya besi nene akasikia kitu kinakoroma, kinarukaruka juu na chini, na kinakatika kabla noti haijaisha. Wengi huamini wameuziwa kitu kibovu. Nami niliwahi kuirudisha yangu dukani, na muuzaji, kwa upole unaoudhi, akaichomeka mbele yangu na kuipiga vizuri kabisa.

Jambo ambalo sikulijua siku ile ni kwamba pedali hii husikiliza kwanza ndipo ipige. Ikisikia vibaya itapiga vibaya, na hakuna nobu itakayorekebisha kosa lililoingia kupitia waya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo yanayotokea kabla sauti haijafika kwenye pedali, sehemu nyingine inahusu spika, na sehemu ndogo kuliko ambavyo wengi wangetarajia inahusu nobu zenyewe.

Hatua ya kwanza: fahamu pedali yako inafanya nini

Pedali ya oktava ya analogi, ambayo mfano wake mashuhuri ni BOSS OC-2 iliyotoka mwaka 1982 na kuendelea kutengenezwa hadi 2003, hufanya kazi ya kuhesabu. Uzi wa E wa besi ukipigwa wazi hutetemeka takribani mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Wa A mara 55. Wa D mara 73. Na wa G mara 98. Mzunguko wa ndani huhesabu mitetemo hiyo na kutoa mmoja kwa kila miwili inayoingia, jambo linalozaa noti ile ile ikiwa oktava moja chini. Ukiunganisha hesabu ya pili baada ya ya kwanza unapata mtetemo mmoja kwa kila minne, yaani oktava mbili chini. OC-2 ina nobu tatu tu: ya oktava mbili chini, ya oktava moja chini, na ya sauti halisi ya gitaa. Wimbi linalotokana na hesabu hii lina kingo kali kuliko wimbi la uzi, na hizo kingo ndizo zinazolifanya sikio lidhani linasikia kinanda.

Pedali ya sintesaiza huendelea kutoka hapo. Micro Synthesizer ya besi ya Electro-Harmonix, kwa mfano, ina slaidi kumi: moja ya kuamua wepesi wa pedali kushtuka unapopiga noti, nne za kuchanganya sauti (oktava ya chini, gitaa lenyewe, oktava ya juu, na wimbi la mraba), moja ya kuchelewesha mwanzo wa noti, na nne za filta, yaani kichujio cha ung'avu, inayofunguka au kujifunga kila unapogusa uzi. Zipo pia pedali za dijitali, kama familia ya POG ya kampuni hiyo hiyo, au BOSS OC-5 ya mwaka 2020 ambayo imebeba sauti ya OC-2 pamoja na namna mpya ya kufuata noti kadhaa kwa wakati mmoja. Hizi za dijitali husamehe makosa mengi ya mkono. Hata hivyo, kwa besi ya kinanda cha zamani napendelea ile ya analogi isiyosamehe, kwa sababu ule ukali wake ndio tunaoutafuta.

Kutokana na kazi hiyo ya kuhesabu yanafuata mambo mawili ambayo yatatawala kila hatua iliyobaki. Kwanza, pedali ya analogi huweza kuhesabu noti moja tu kwa wakati. Ukiipa noti mbili, mitetemo yake huchanganyika na hesabu huvurugika. Pili, haiwezi kuhesabu mtetemo ambao haujamalizika. Mtetemo mmoja wa uzi wa E wazi huchukua karibu milisekunde 24, na wa uzi wa B wa besi ya nyuzi tano milisekunde 32, ilhali noti ya A kwenye freti ya 7 ya uzi wa D huchukua milisekunde 9 tu. Noti za chini huchelewa kushikwa kwa sababu ya maumbile ya sauti yenyewe, wala si uzembe wa kiwanda.

Hatua ya pili: safisha umeme kabla ya kusafisha sauti

Pedali nyingi hutumia volti 9 za umeme mnyoofu (DC), hasi ikiwa katikati ya pini, lakini baadhi ya sintesaiza huhitaji volti tofauti kabisa, kwa hiyo soma maandishi yaliyo karibu na tundu la umeme kabla ya kuchomeka adapta ya rafiki. Ukinunua OC-2 iliyotumika, tazama kibandiko chake: zile za mwanzo zenye maandishi ACA ziliundwa kwa adapta ya aina nyingine, na ukizilisha volti 9 zilizodhibitiwa zikiwa peke yake hupata umeme pungufu, sauti ikawa dhaifu na ya kukatika.

Kuna sababu ya pekee ya kuogopa mngurumo wa umeme katika pedali hii kuliko katika nyingine yoyote. Umeme wa Tanzania na Kenya hugeuka mara 50 kwa sekunde, na noti ya G kwenye freti ya 3 ya uzi wa E ni hezi 49. Mngurumo wa hezi 100, ambao ndio adapta za bei ya chini huutoa kwa wingi, uko jirani kabisa na uzi wa G ulio wazi wenye hezi 98. Kwa pedali, basi, mngurumo ni noti kama noti nyingine. Unaponyamaza kati ya mistari ya wimbo, yenyewe inausikia, inauhesabu na kuuteremsha oktava moja, na spika zinatikisika wakati hujagusa kitu. Tumia betri mpya kwa jaribio la kwanza; ikiwa sauti imetulia kwa betri na imevurugika kwa adapta, umekwisha kumjua mkosaji. Waya wa gitaa nao uwe mfupi na mzima, na usiupitishe sambamba na nyaya za umeme sakafuni.

Hatua ya tatu: andaa gitaa

Pedali inatafuta mtetemo wa msingi wa noti, ule unaoipa noti jina lake. Bahati mbaya, uzi hautoi mtetemo huo peke yake. Hutoa pia hamoniki, yaani mitetemo ya mara mbili, mara tatu na kuendelea, na katika nyuzi nene za besi hamoniki ya pili inaweza kuwa na nguvu kuushinda msingi wenyewe. Hapo ndipo pedali inaporuka juu oktava moja ghafla na kushuka tena. Kazi yako ni kuupa msingi nguvu na kuzipunguza hamoniki.

Ikiwa gitaa lako lina pikapu mbili, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, tumia ile iliyo karibu na shingo. Nobu ya toni ya gitaa ishushe hadi robo, au hata uifunge kabisa. Usihofu kwamba sauti itakuwa butu, kwa kuwa ung'avu utaurudisha baadaye kwa filta na wimbi la mraba. Nyuzi laini zilizosawazishwa uso wake hufuatwa vizuri zaidi kuliko nyuzi za mkwaruzo zikiwa mpya, ingawa sishauri mtu abadilishe nyuzi zote kwa ajili ya pedali moja. Nyuzi za mkwaruzo zilizopigwa wiki kadhaa hutosha. Freti zinazolia zirekebishwe na fundi, kwa maana mlio wa chuma kugonga chuma huivuruga hesabu vibaya mno. Kisha linganisha nyuzi kwa tyuna, na tyuna hiyo ikae mbele ya pedali zote, isije ikajaribu kusoma sauti iliyokwisha kuteremshwa.

Hatua ya nne: fundisha mikono

Hii ndiyo hatua inayochukua wiki, na ndiyo ambayo watu huiruka.

Anza na mahali pa kupiga. Mpiga besi aliyezoea kukaa kwenye freti za mwanzo atashangaa kuambiwa ahamie juu ya shingo, lakini hesabu iko wazi. Noti ya E kwenye freti ya 7 ya uzi wa A ni hezi 82. Pedali ikiiteremsha oktava moja inakuwa hezi 41, yaani E ile ile ya uzi mnene ukiwa wazi. Kila noti utakayopiga kuanzia hapo kwenda juu itatoka ikiwa ndani ya eneo la kawaida la besi, eneo ambalo spika zako zinalijua. Ukibaki kwenye A ya freti ya 5 ya uzi wa E, pedali itatoa hezi 27.5, na E wazi itateremka hadi hezi 20, ukingoni mwa uwezo wa sikio la binadamu. Utakula nguvu ya amplifaya bila mtu kusikia noti. Kanuni yangu ni hii: ninapotumia oktava ya chini bila sauti halisi ya gitaa, napiga mstari mzima wa besi oktava moja juu ya pale ambapo ningeupiga kawaida, na pedali inaurudisha mahali pake. Zoea hili hadi mkono wa kushoto usahau kwamba umehama.

Mkono wa kulia upige karibu na mwisho wa shingo, si karibu na daraja la nyuzi, na upige kwa nyama ya kidole badala ya kucha au pleki. Pigo liwe la nguvu ya wastani na lisibadilikebadilike. Ukivuta uzi kwa nguvu sana noti huanza ikiwa juu kidogo ya mahali pake kisha ikashuka, na pedali, ambayo haina subira, huanza kuhesabu wakati ule ule wa vurugu.

Baada ya hapo ni kuzima nyuzi usizozipiga. Piga A kwenye freti ya 5 ya uzi wa E bila kugusa kitu kingine, kisha uzime uzi huo ghafla: utasikia uzi wa A ulio jirani unaendelea kulia wenyewe, kwa sababu umeamshwa na noti inayofanana nao. Kwa sikio la kawaida hilo si kosa, pengine hata ni uzuri. Kwa pedali ni noti ya pili. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilale juu ya nyuzi nene unapohamia nyembamba, na vidole vya mkono wa kushoto visivyo na kazi vilale juu ya nyuzi nyembamba unapokuwa kwenye nene. Noti moja iishe kabisa ndipo nyingine ianze.

Kuisha huko kuna siri yake. Besi ya kinanda haififii kama uzi. Kidole kikiinuka, noti inakatika pale pale. Uzi ukiachwa ufifie wenyewe, unafika mahali ambapo pedali haina tena cha kuhesabu, inaanza kuyumba kati ya noti na hamoniki zake, na ndiyo ule mkoromo wa mwisho unaowaudhi wengi. Kata noti kwa makusudi kabla ya mkoromo kuanza. Mtu aliye upande wa wasikilizaji hataweza kueleza kilichobadilika, ila ataamini anasikia kinanda.

Kwa mazoezi, weka metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika, toa sauti halisi yote, bakisha oktava moja chini peke yake, na upande freti moja moja kwenye kila uzi kuanzia wazi hadi ya 12, noti moja kwa kila mapigo mawili. Andika mahali ambapo pedali inayumba. Utakuta kila gitaa lina freti zake mbili tatu zenye ukorofi, na noti hizo utajifunza kuzipiga kwenye uzi mwingine.

Hatua ya tano: panga pedali kwa mfuatano wenye maana

Mfuatano ninaoupendekeza ni tyuna, kompresa (inayosawazisha nguvu ya sauti), oktava, fazi au distoshani (zinazoikwaruza sauti), filta, kisha korasi na mwangwi mwishoni. Oktava hukaa mapema kwa sababu inataka sauti ya uzi ikiwa bado safi. Ukiweka fazi mbele yake unaipelekea msitu wa hamoniki na kuitaka ihesabu miti. Fazi ikija baada ya oktava, mambo hugeuka: inapokea wimbi moja lililonyooka na kulitajirisha, na filta iliyo nyuma yake inapata kitu cha kukata. Filta haiwezi kukata ung'avu ambao haukuwapo tangu mwanzo.

Kompresa mbele ya oktava husaidia noti ishikike muda mrefu zaidi kabla ya kuyumba, lakini iwe ya wastani, tuseme uwiano wa tatu au nne kwa moja. Zaidi ya hapo inainua mngurumo wa umeme unaponyamaza, nasi tumeona mngurumo huo hufanya nini. Pia inasawazisha tofauti ya pigo jepesi na zito, na ikiwa filta yako hufunguka kwa kufuata nguvu ya kidole, itakuwa inafunguka kwa kiwango kimoja tu wimbo mzima. Kwa nyimbo nyingi za kucheza hilo ni jambo jema. Kwa wimbo wa taratibu linachosha.

Hatua ya sita: sasa gusa nobu

Vitabu vya maelekezo hutaja nafasi ya nobu kwa mshale wa saa, na kwetu sisi ambao mshale ukielekea tisa tunasema ni saa tatu, maelekezo hayo yamekwisha kuleta mabishano ya kutosha kwenye mazoezi. Nitatumia robo, nusu na robo tatu ya mzunguko, nikihesabu kutoka mahali nobu inapokuwa imefungwa.

Mpangilio wa kwanza ni wa kunenepesha tu. Sauti halisi iwe robo tatu, oktava moja chini iwe nusu au pungufu kidogo, oktava mbili chini ifungwe. Hapa msikilizaji anaendelea kusikia gitaa, ila gitaa limepata uzito. Unafaa kwa viitikio, na kwa bendi isiyo na kinanda.

Mpangilio wa pili ni wa besi ya kinanda yenyewe. Sauti halisi ifungwe kabisa, oktava moja chini ifunguliwe robo tatu au zaidi, nawe upande juu ya shingo kama tulivyosema. Wanaoogopa kufunga sauti halisi huishia na sauti isiyo gitaa wala kinanda. Oktava mbili chini mimi huitumia kwa nadra: kuipandisha robo moja juu ya freti ya 12 ya uzi wa G, kwa mlio mmoja mrefu wa kumalizia, inatosha.

Kwa pedali yenye slaidi, teremsha zote nne za sauti na uanze na wimbi la mraba peke yake, kisha ongeza oktava ya chini hadi nusu. Slaidi ya kushtuka irekebishwe kwa kupiga noti laini kuliko zote utakazopiga katika wimbo: ipandishe hadi filta iitikie kila mara, halafu nyamaza na usikilize, ikiwa inaitikia mngurumo, au kidole kinachoteleza juu ya uzi, irudishe chini kidogo. Baada ya hapo ni filta. Mahali pa kuanzia pakiwa juu na pa kuishia pakiwa chini, kila noti inafunguka kwa ung'avu na kujifunga, na hiyo ndiyo sauti ya besi ya sintesaiza ambayo masikio yameizoea tangu Minimoog ilipoingia sokoni mwaka 1970. Ukigeuza, kuanzia chini na kuishia juu, noti inakuwa kama inatamka neno, na inapendeza kwa noti chache za pambo. Kasi ya filta ilingane na mwendo wa wimbo: ifunge kabla kidogo ya noti inayofuata. Ikiwa ya haraka mno unasikia vishindo tu, na ikiwa ya taratibu mno haipati muda wa kujifunga kabla hujapiga tena.

Resonansi iongezwe mwishoni na kwa woga. Hiyo ndiyo inayoipa filta kilio chake, na ndiyo pia inayochoma masikio ya watu wa mstari wa mbele. Mimi sivuki nusu. Slaidi ya kuchelewesha mwanzo wa noti huondoa pigo la kidole, noti ikaingia ikivimba kama ya fidla. Iache chini kabisa kwa nyimbo zenye mwendo, na uikumbuke kwenye utangulizi wa pole au wakati wa maombi kanisani.

Jambo la mwisho hapa, na ndilo lililoharibu maonyesho mengi kuliko yote: linganisha ukubwa wa sauti pedali ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Fanya hivyo bendi nzima ikipiga, si peke yako chumbani, kwa sababu sauti ya oktava ya chini ikiwa peke yake husikika kubwa, na ngoma zikiingia inamezwa.

Hatua ya saba: fikiria spika na wenzako

Spika nyingi za besi huanza kuchoka chini ya hezi 40 hivi. Ukizipelekea hezi 25, karatasi ya spika inakwenda mbele na nyuma kwa nguvu bila kutoa sauti ya maana, nayo amplifaya inaishiwa uwezo wa kutoa zile noti zinazosikika. Kama una kichujio cha kukata sauti za chini, kiweke kati ya hezi 30 na 40, mwisho kabisa wa mfuatano wa pedali. Usipandishe nobu ya besi ya amplifaya. Pandisha kidogo sauti za kati, karibu hezi 500 hadi 800, kwa maana hizo ndizo zinazomwezesha msikilizaji kutambua noti. Sikio lina tabia ya kujazia lenyewe: likisikia hamoniki za noti, hukisia msingi wake hata kama spika haiutoi. Ndiyo maana wimbi la mraba na fazi kidogo husikika vizuri hata kwenye spika ndogo za ukumbi wa harusi, ambapo oktava tupu laini hupotea kabisa.

Zungumza na fundi mitambo kabla ya onyesho. Mwonyeshe sauti ya kawaida na sauti ya pedali, asije akapanga mitambo kwa ile moja akashtukizwa na nyingine katikati ya wimbo. Mpiga ngoma naye ana neno hapa, kwa kuwa ngoma ya mguu inaishi kati ya hezi 50 na 100, pale pale ulipoileta oktava yako. Ama noti zako ziingie pamoja na mguu wake, ama zipishane nao kwa wazi. Na mpiga kinanda, hasa wa kanisani, aliyezoea kujaza besi kwa mkono wa kushoto, aombwe kwa adabu auinue mkono huo pedali inapowaka. Besi mbili katika oktava moja hazijawahi kuelewana.

Ziko pia nyimbo ambazo pedali hii haifai. Kwenye sebene mimi huizima. Besi ya sebene inaruka, inaacha mapengo, mara nyingi inagusa nyuzi mbili karibu kwa pamoja, na uzuri wake uko katika kila pigo kusikika kavu. Oktava huyafukia mapengo hayo.

Hatua ya nane: ukirekodi

Gawa ishara kabla ya pedali na urekodi mikondo miwili, mmoja wa gitaa safi na mmoja wa pedali. Hata kama safi hutaitumia, siku ambayo pedali iliyumba noti moja utaweza kuipitisha tena bila kurudia kupiga wimbo wote. Ukichanganya mikondo hiyo miwili na besi ikapungua badala ya kuongezeka, mawimbi yanapingana: geuza mwelekeo wa wimbi la mkondo mmoja, au kama pedali ni ya dijitali na inachelewa, usogeze mkondo wake uanze mapema kwa milisekunde chache hadi uzito urudi. Hakiki mchanganyiko kwenye spika ya simu pia, maana wasikilizaji wengi watausikilizia huko. Ikiwa mstari wa besi umetoweka kabisa, ongeza wimbi la mraba na usiguse oktava.

Mambo yakiharibika

Noti ikiruka oktava juu na kurudi, funga toni ya gitaa, sogeza mkono kuelekea shingo, au ihamishie noti hiyo kwenye uzi mwingine. Ikianza kwa kuchelewa, umeipiga chini mno kwenye shingo. Ikikoroma mwishoni, hukuikata. Ikikoroma mwanzoni, noti iliyotangulia haijanyamaza, au freti inalia. Ikiwa haitoi kitu kabisa isipokuwa ukipiga kwa nguvu, betri ya pedali imechoka, au betri ya gitaa lenyewe ikiwa pikapu zako hutumia betri, au nobu ya sauti ya gitaa umeishusha ukaisahau. Pedali inayohesabu haipendi kunong'onezwa. Na ikiwa kwenye mazoezi ya chumbani kila kitu ni kizuri lakini ukumbini hupati chochote, tembea hadi katikati ya ukumbi ukiwa na waya mrefu, au mwombe mwenzako apige, usikilize ukiwa huko kabla hujagusa nobu yoyote, kwa kuwa urefu wa wimbi la hezi 41 ni zaidi ya mita 8, na ulipokuwa umesimama mita moja mbele ya spika hukuwa unasikia kile ambacho wenye viti wanakisikia.